Hiace ya dizeli imezima ghafla, stata inapiga lakini haiwaki

Pole ndugu. Umesema Hiace yako ya injini ya 3L ilizima ikiwa kwenye mwendo, stata inazungusha vizuri lakini haishiki. Kwanza isikilize hiyo stata. Ikizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, acha kabisa kupiga: huenda mkanda wa taimingi (ule unaoendesha valvu kwa wakati wake) umekatika, na ukilazimisha utazidi kupinda valvu. Hapo ni kuvutwa hadi gereji, hakuna ujanja.

Sauti ikiwa ile ya siku zote, mimi ningeanza na solenoidi iliyo kwenye pampu ya dizeli, kile kidude cha umeme chenye waya mmoja kinachofungua na kukata dizeli. Fungua swichi bila kupiga stata, chomoa waya, uurudishe: inatakiwa ilie "tak". Kimya? Angalia fyuzi na waya kabla ya kununua solenoidi, maana wauza spea watakuuzia chochote.

Ikilia, piga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Isipokuwa ngumu mkononi, kuna hewa inaingia au dizeli haifiki; kagua mipira, klipu na filta yenyewe. Ukilegeza paipu za nozeli (zinazonyunyizia dizeli kwenye injini) kuona kama dizeli inafika, weka mikono mbali, presha ya dizeli hutoboa ngozi. Pampu ya dizeli yenyewe usiifungue, mwachie fundi wa pampu.