Bonasi ya kushambulia ukichanganya klasi
Ndugu, umeuliza kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza wahusika kwa kete), mhusika wa klasi ya mpiganaji levo 5 akiongeza klasi ya mwizi levo 4 anatumia bonasi ipi ya kushambulia, yaani namba unayoongeza kwenye kete ukishambulia, jibu ni zote mbili, unajumlisha tu. Kwenye toleo la 3.5 mpiganaji wa 5 ana +5, mwizi wa 4 ana +3, jumla +8, na ukishafika +6 unapata shambulio la pili lenye bonasi pungufu kwa 5, kwa hiyo kwenye karatasi ya mhusika andika +8/+3, hata kama kwa levo hizo hakuna klasi inayokupa hilo la pili yenyewe. Ila usidonoedonoe klasi jamani, levo moja hapa moja pale, mwizi levo 1 ni +0, kasisi levo 1 +0, bado bardi (mwanamuziki) levo 1 naye +0, yaani levo 3 nzima uko sifuri, inauma sana. Toleo la 5 ni tofauti kabisa, bonasi ya umahiri, ndiyo unayoongeza kwenye kete huko, inafuata jumla ya levo zako zote, kwenye bonasi hiyo hupotezi kitu.