Maswali Yenu: Komoro ni Visiwa Vitatu au Vinne?

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma kidato cha nne, Kondoa. Atlasi moja inaipa Komoro kilomita za mraba 1,862, nyingine karibu 2,236. Ipi niandike?

JIBU: Marahaba. Zote ni sahihi, ila hazipimi kitu kimoja. Ile 1,862 ni Ngazija, Nzwani na Mwali, visiwa vilivyo chini ya serikali ya Komoro iliyoko Moroni, mji mkuu ulio Ngazija. Ongeza Maore (Mayotte), yenye kilomita za mraba 374 na iliyo chini ya Ufaransa, upate 2,236. Komoro inaidai Maore, ndiyo maana bendera yake ina nyota nne.

Angalia hasa unapokokotoa msongamano. Sensa ya 2017 ilihesabu visiwa vitatu tu: Ngazija watu 379,367, Nzwani 327,382 na Mwali 51,567, jumla 758,316. Gawanya kwa 1,862, utapata watu 407 kwa kila kilomita ya mraba. Ukigawanya kwa 2,236 utapata 339, yaani umewatandaza watu wa visiwa vitatu juu ya ardhi ya vinne. Taja eneo, kisha sema kama Maore imo au haimo.

Kwa kulinganisha, Jiji la Dodoma peke yake lilikuwa na watu 765,179 katika sensa ya 2022. Halafu usiuamini sana wastani wa 407, maana unaificha Nzwani: kilomita za mraba 424 tu, watu zaidi ya 770 kwa kila moja. Huko mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, misitu imekatwa, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi.

SWALI: Sisi wa Kongwa hatuna maji kwa sababu mvua ni haba. Ngazija nasikia mvua ni tele, lakini maji ni shida vilevile. Inakuwaje?

JIBU: Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, Moroni hupita 2,500. Shida ya Ngazija iko ardhini. Kisiwa ni kichanga, kimejengwa na volkano, na Mlima Karthala (mita 2,361) bado uko hai. Miamba yake imejaa nyufa na matundu, kwa hiyo mvua huzama moja kwa moja na hakuna mto hata mmoja wa kudumu.

Maji yaliyozama hukaa kama utando juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka kando, kwa sababu maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya chumvi. Kisima cha pwani kikivutwa kwa pupa, chumvi hupanda. Hapa kwetu kisima kikipungua tunaongeza kina. Huko ukiongeza kina unaifuata chumvi. Dawa ni kuvuta kidogo kidogo na kuipumzisha pampu.

Ndiyo maana vijiji vingi hutegemea mabirika, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua ya paa, na hesabu yake inakufaa hata wewe wa Kongwa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,200. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, zibaki 960. Maji ya dakika za kwanza yamwage, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Weka kwenye gata kipande cha kuchomoa kabla ya tangi. Karthala ilipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika na kuyachafua maji ya watu wengi.

SWALI: Wakomoro wanauza nini nje? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Vanila, karafuu na mafuta ya langilangi, ua la manukato. Huchumwa alfajiri na kuchemshwa kwa mvuke siku ileile. Majiko hayo hula kuni nyingi, na Nzwani haina kuni za kuchezea.

SWALI: Hiyo Maore ilibakije kwa Wafaransa? Na ni kweli wanajeshi wetu walipigana Komoro? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Kura ya maoni ya Desemba 22, 1974 ilipata zaidi ya asilimia 94 waliotaka uhuru, lakini Maore wengi walikataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 6, 1975. Maore ilipiga kura tena 1976 ikabaki, na mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro Novemba 1975, na uliendelea kuitambua kuwa nchi ya visiwa vinne.

Wanajeshi wetu kweli walikwenda, ila si Maore. Machi 25, 2008 Tanzania na Sudan, chini ya Umoja wa Afrika, zililisaidia jeshi la Komoro kuirejesha Nzwani kutoka kwa Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyekataa kuachia madaraka. Bacar alikimbilia Maore.