Vitabu vya mambo ya kweli: historia, mambo ya leo na besiboli (jibu refu kwa mwalimu wa Njombe)

Mwalimu, pole na baridi ya Njombe. Umesema unafundisha sekondari, umechoka na vitabu vinavyoahidi utajiri kabla ya miaka 40, na unataka vya mambo yaliyotokea kweli: historia, habari za leo, na besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Hilo la mwisho ni kwa sababu kijana wa kujitolea kutoka Japani ameanzisha timu shuleni kwenu na wanafunzi wanakuuliza maswali usiyo na majibu yake. Wenzangu wamekutajia majina ya vitabu. Mimi nitakueleza vile nilivyovisoma mwenyewe na vilivyonifanyia.

Nilifanya kazi kiwanda cha chai Mufindi miaka 11, mingi yake zamu ya usiku kwenye kunyausha majani. Majani mabichi yanamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zinapuliza kwa chini mpaka asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kupita kila saa, nachota konzi la majani, nalibana kiganjani na kuliachia. Likifumuka upesi, bado. Likibaki limeshikana kama donge, limefika. Kati ya mzunguko na mzunguko nilikuwa na kama dakika 40, na humo ndimo nilimosomea karibu vyote nitakavyokutajia.

Swali ninalokiuliza kila kitabu nililipata msibani, upande wa Kalenga. Tumekaa na wazee kuzunguka moto, mazungumzo yakafika kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, nami nikasema kwa uhakika kwamba Wajerumani walimkata kichwa siku ngome yake ilipoanguka. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hilo umelijua kwa nani?" Nilikuwa nimelisoma kwenye kijitabu cha maswali na majibu ya mtihani. Akanisahihisha bila kunivunjia heshima. Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Baada ya hapo Mkwawa alipigana porini karibu miaka minne, na Julai 1898, walipomkaribia kule Mlambalasi, alijipiga risasi mwenyewe. Kichwa kilikatwa akiwa tayari ni maiti.

Tangu usiku ule, kabla sijafika ukurasa wa kumi, nataka kujua: huyu mwandishi amejuaje? Alikuwepo? Aliuliza waliokuwepo? Alishika karatasi yenyewe mkononi?

Kwa hiyo kitu cha kwanza nakushauri si kitabu. Tafuta mtandaoni Mkataba wa Versailles wa 1919, shuka mpaka kifungu cha 246. Ni kifupi. Kinaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iikabidhi Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, na kinaitaka pia irudishe Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hijazi. Nilikisoma kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya gunia, nikakirudia mara tatu. Mkataba uliofunga vita kuu ya dunia, na ndani yake yumo mtu wa Iringa. Miezi sita ile iligeuka miaka 35. Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua kati ya mafuvu mengi lile lenye tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa, akalikabidhi Kalenga mwaka 1954 kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wetu wa Bunge. Wapeleke wanafunzi Kalenga wakalione, lakini wasome kifungu kwanza. Watasimama mbele ya kile kioo wakiwa na maswali yao wenyewe.

Sasa kitabu. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, hakuna kilichonigusa kama "Africa's Freedom Railway" cha Jamie Monson, cha mwaka 2009, kuhusu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ni cha kitaaluma, Kiingereza chake si kigumu. Sura za mwanzo zinaeleza unayofundisha tayari: Rhodesia ya walowezi ilijitangazia uhuru 1965, Zambia ikahitaji njia ya kupitishia shaba yake bila kupita kusini, nchi za Magharibi zikasita, China ikakubali. Zile zipitie haraka tu. Utajiri wa kitabu uko baada ya hapo, anapouliza reli ilipokwisha kujengwa watu wa kando ya njia waliifanyia nini. Aliwauliza wenyewe maisha yao, na akakusanya risiti za vifurushi kwenye stesheni, zile karatasi zinazoandikwa mtu anaposafirisha gunia la mchele au mkungu wa ndizi. Kutokana na risiti akaonyesha jinsi treni ya abiria ilivyogeuka soko linalotembea.

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli ile, kipande cha Mlimba hadi Makambako, pale inapoacha bonde la Kilombero na kupanda kuja huku kwetu, mahandaki na madaraja yakifuatana. Nilienda na kitabu nyumbani, nikawa namsomea barazani huku natafsiri papo hapo. Habari za Wachina na baruti alizisikiliza kimya, anazijua. Nilipofika kwenye risiti akaniambia, "Hapo rudia." Nikarudia. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la zamani la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na vyeti vya kliniki vya wadogo zangu na karatasi mbili nyembamba, maandishi ya kaboni yamefifia kuwa zambarau. Zilikuwa risiti za mama. Mama alikuwa akiteremsha viazi Mlimba na kurudi na mchele, na alishafariki miaka sita kabla ya siku ile. Moja ilisomeka bado: magunia mawili. Baba alisema aliziweka kwa sababu ni mwandiko unaotaja jina la mama.

Sijasoma kitabu kingine cha historia kilichofungua kopo nyumbani kwetu.

Ndiyo maana pia habari za leo nazisoma nikianzia huko. Septemba 2024, Beijing, mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi, zilisainiwa hati za makubaliano ya kuifufua TAZARA. Magazeti yalijaa shaba na bandari. Mimi nilitafuta mstari mmoja unaotaja treni ya abiria na mizigo ya akina mama wa Mlimba. Mtu aliyesoma Monson anajua kuulizia hilo.

Walter Rodney, "How Europe Underdeveloped Africa" cha 1972, utatajiwa na kila mtu, na msome kweli. Alikiandika akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliuawa kwa bomu kwao Guyana mwaka 1980 akiwa na miaka 38. Hoja yake kwamba reli za wakoloni ziliteremka moja kwa moja baharini bila kuunganisha Waafrika wao kwa wao, iweke kando ya ramani wanafunzi waione. Ila nina neno moja juu yake: ndani ya kitabu hicho humsikii mkulima hata mmoja akiongea. Ni hoja kubwa, iliyojengwa vizuri, na watu wamo kama umati. Msome baada ya Monson, si kabla.

Kwa siasa za nchi yetu, chukua vitabu viwili vya marais na uvisome sambamba. "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu" cha Mzee Mwinyi, kilichozinduliwa 2021, kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu, cha mtu anayekusimulia baada ya chakula. Cha Mzee Mkapa ni "My Life, My Purpose" cha 2019. Viongozi wote hujisifu kidogo wakiandika maisha yao, hilo lipitie. Nenda pale kila mmoja anapoeleza vifo vilivyotokea chini ya dhamana yake. Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya raia waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ingawa hakuwagusa yeye. Mkapa anaandika kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yaliendelea kuisumbua dhamiri yake. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano kurasa hizo za wote wawili, umwachie aamue mwenyewe uwajibikaji ni nini. Mimi nimebishana na shemeji yangu kuhusu hilo kutoka Mafinga hadi Igawa ndani ya basi, na hatujamaliza.

Kwa mambo ya sasa hivi kabisa, soma ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowekwa mezani Bungeni kila Aprili. Usianze na mihtasari ya watu. Fungua sehemu ya serikali za mitaa, tafuta halmashauri yako. Taarifa Rasmi za Bunge nazo ziko mtandaoni, kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Haya, besiboli. Nilianza nayo bila kuujua mchezo wenyewe. Kwenye vitabu vya mitumba kule Mbeya mjini nilikiokota "I Never Had It Made", maisha ya Jackie Robinson aliyoyasimulia mwenyewe, kilichotoka 1972, mwaka aliofariki. Anza na hiki, Mwalimu. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, akawa mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu za Marekani katika karne ile. Kabla yake weusi walikuwa na ligi zao pembeni. Bosi wa timu, Branch Rickey, alimtaka ahimili matusi bila kurudisha ngumi, naye alikuwa mtu ambaye mwaka 1944, akiwa ofisa jeshini, alishtakiwa mahakama ya kijeshi kwa sababu ya kukataa kurudi nyuma ya basi, akaachiwa huru. Fikiria mtu wa namna hiyo anafunga mdomo msimu mzima.

Lakini mchezo ni kama nusu ya kitabu. Nusu nyingine ni baba ambaye mwanawe wa kwanza alirudi kutoka Vietnam akiwa ametekwa na dawa za kulevya, akajinasua, kisha akafa kwa ajali ya gari 1971. Ni mtu aliyemuunga mkono Nixon mwaka 1960 na baadaye akakiri kwamba alikosea. Anaandika hata kwamba hawezi kusimama na kuimba wimbo wa taifa lake. Nilisoma sehemu ya mwanawe alfajiri, feni zikivuma, nikachelewa mzunguko wa saa kumi. Majani hayakuharibika, namshukuru Mungu.

Cha pili ni "The Glory of Their Times" cha Lawrence Ritter, 1966. Ritter alikuwa mchumi. Alibeba kinasa sauti, akazunguka Marekani kuwatafuta wazee waliocheza mwanzoni mwa karne, akawaacha waongee. Yeye mwenyewe humsikii. Nilipokisoma niliona aibu kwa wazee wote wa Mufindi waliofariki na chai yao kichwani bila mtu kuwawekea simu mbele. Wanafunzi wako wanaweza kazi hii Jumamosi moja tu, na kila mmoja ana babu.

"Moneyball" cha Michael Lewis, 2003, mpe mwalimu wa hisabati. Oakland, timu ya fedha kidogo, ilishinda michezo 20 mfululizo mwaka 2002 kwa sababu uongozi wake uliacha kumtazama mchezaji umbo na kuanza kuhesabu ni mara ngapi anafika besi, kile kituo anachokikimbilia, iwe kwa kupiga mpira au kwa kungoja mrushaji akosee mara nne. Kinasomeka upesi.

Na kwa ajili ya yule kijana wa Kijapani: mchezo huu uliingizwa Japani mwaka 1872 na mwalimu wa shule, Mmarekani Horace Wilson, huko Tokyo. Nasi umetufikia kwa njia ileile, kupitia mashuleni. Mashindano ya shule zetu yamepewa jina la Koshien, uwanja wa 1924 ambako wanafunzi wa sekondari wa Japani hucheza kila kiangazi, na pale Azania, Dar es Salaam, uwanja wa besiboli upo. Muulize akuhadithie Koshien yake. Kila Mjapani aliyecheza shuleni anayo.

Nakala yangu ya Robinson ina jalada lililochanika na harufu ya chai, ila kurasa zote zimo. Nipo Mafinga sasa, duka la vipuri karibu na stendi. Ukinipa siku, nitaifunga kwenye bahasha nimkabidhi kondakta wa basi la Njombe, ukimaliza irudi kwa njia hiyohiyo. Cha Monson sikitoi nyumbani. Kiko kwa baba, zile risiti mbili zimo katikati ya kurasa zake.