Anna wa L'Avventura haonekani tena

Umeuliza kama Anna anapatikana mwishoni mwa filamu ya L'Avventura, au wewe ulisinzia ukakosa tukio hilo, na umesema ulichukia. Hapatikani, kwa hiyo hukusinzia. Anna (Lea Massari) anapotea kwenye Lisca Bianca, kijisiwa cha mawe matupu karibu na Panarea, kaskazini mwa Sisili, na filamu inaisha bila kutuambia kama alizama, alijiua au aliondoka na boti. Mwongozaji wake, Antonioni, alikusudia iwe hivyo. Mchumba wa Anna, Sandro, na rafiki wa Anna, Claudia (Monica Vitti), wanaanza kwa kumtafuta, wanaishia kupendana, na sisi tunaotazama nasi tunamsahau taratibu. Huo ndio ukatili wa filamu hii.

Niliirudia juzi baada ya miaka mingi. Mara ya kwanza nilichukia kama wewe. Safari hii nilitega sikio kisiwani: kuna mngurumo wa boti unasikika kwa mbali, lakini hakuna linalothibitishwa. Anayetaka kuamini kwamba alitoroka ana pa kushikia, basi.

Na mchangiaji mwingine aliyeandika kwamba ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, amechanganya. Cannes ya 1960 tuzo hiyo ilikwenda kwa La Dolce Vita ya Fellini. L'Avventura ilizomewa ukumbini, kisha ikapewa Tuzo ya Majaji.

Ila angalia urefu wa kopi yako. Toleo kamili lina kama dakika 143. Likiwa fupi sana kuliko hapo, kuna kilichokatwa, ingawa si tukio la Anna kupatikana unalolitafuta.