Misuli kuchezacheza: altrasaundi inaona kweli?

Ndugu yangu wa Igoma uliyeuliza kama altrasaundi, ile ile ya wajawazito, inaweza kuona misuli ya baba mdogo inavyochezacheza mkononi: ndio inaona, tena vizuri tu. Mpimaji anaweka kile kidude juu ya msuli, anakituliza kabisa bila kukisogeza, sekunde 10 hadi dakika nzima hivi, halafu anaangalia kwenye skrini, msuli ukishtuka unaona kama maji ya ziwa pale Kirumba, Mwanza, dagaa wakipita chini, panatikisika kidogo halafu kimya. Uzuri wake inaona eneo pana na inafika ndani ambako jicho halifiki, hata kwenye ulimi, na haiumi, wakati kile kipimo cha sindano cha umeme wa misuli kinasoma pale tu sindano ilipo, ndo maana mishtuko mingi kinaikosa. Ila sindano bado inahitajika, maana ndo inayoonyesha neva zimekufa kiasi gani.

Sasa usianze kulia. Misuli kucheza peke yake sio ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaoua neva zinazoendesha misuli, mimi mwenyewe kope inacheza wiki nzima nikizidisha kahawa na kukosa usingizi 😅 Kinachotisha ni mkono kuishiwa nguvu, nyama kusinyaa, ulimi kuwa mzito, kupaliwa hovyo. Hivyo anavyo? Kama anavyo mpeleke hospitali ya Bugando mkaulizie daktari wa neva, na msiishie kwenye picha, akapimwe nguvu za mikono na miguu pia.