Kuvaa gwanda peke yake hakukufanyi veterani

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba sasa mimi ni veterani, alicheka sana. "Na hiyo miaka 29? Umejiunga na wale wazee wa mpira wa Jumapili?" Kwetu maveterani ni wachezaji walioota vitambi, na mstaafu ni mtu wa pensheni. Marekani mstaafu wa jeshi kwa kawaida ametimiza miaka 20, ilhali veterani anaweza kuwa alikaa miaka 2 tu akaondoka.

Mimi nilikosea kwingine. Niliingia jeshi la akiba nikiwa na grinkadi, nikapiga kwata kwenye jua la South Carolina, kisha nikawa naripoti kambini wikendi moja kwa mwezi. Mwaka uliofuata nikaenda kuomba matibabu ya maveterani. Mhudumu akapekua karatasi zangu, akasema, "Bado." Nilitoka nimenuna.

Baadaye nilielewa. Sheria, Kitabu cha 38 kifungu cha 101, inasema veterani ni aliyetumikia jeshini kama kazi ya kila siku, si kwa mafunzo tu, na akaachishwa bila fedheha. Mafunzo ya askari wa akiba hayahesabiki, isipokuwa uliumia humo ukabaki na ulemavu. Jamaa aliyelala kitanda cha chini yangu aliharibika goti mazoezini, halikupona. Kisheria yeye alikuwa veterani kabla yangu.

Kilichonivusha ni kuitwa Kuwait, miezi 10. Walioingia baada ya tarehe 7 Septemba 1980 kwa kawaida hudaiwa miezi 24 mfululizo ya utumishi, au kumaliza muda wote walioitiwa. Mimi nilimaliza niliyoitiwa, basi.

Nikarudi na karatasi ya kuachishwa, DD-214, na nikakwama tena! Nilikuwa nimebeba nakala fupi. Wanachotafuta ni kisanduku cha 24, kinachosema umeondoka kwa hali gani, na kwenye nakala fupi hakimo. Beba ile iliyoandikwa Member-4 chini.

Hilo neno la kisanduku cha 24 lina uzito kuliko medali. Ruzuku ya masomo iliyokuja baada ya Septemba 2001 inataka HONORABLE tupu, yaani kwa heshima kamili. Ukiandikiwa GENERAL, ngazi moja chini yake, matibabu unaweza kupata lakini ada ya chuo hupati. Na aliyeandikiwa OTHER THAN HONORABLE, yaani bila heshima, asijifukuze mwenyewe: Idara ya Maveterani hulipitia faili lake upya na kuamua yenyewe. Nawajua watu waliokaa miaka bila kuomba kwa sababu ya aibu tu.

Kwa hiyo usiulize "mimi ni veterani?" Taja unachoomba. Mkopo wa nyumba, kwa mfano, askari wa akiba aliyetimiza miaka 6 kwa heshima anaupata hata kama hajawahi kuitwa popote. Pensheni ya wenye kipato kidogo nayo inataka angalau siku moja ndani ya kipindi cha vita, na kile cha Ghuba kilianza tarehe 2 Agosti 1990, hakijafungwa mpaka leo.

Ukipoteza DD-214, omba nyingine kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya St. Louis. Ni bure. Wapo wanaotoza hela kukujazia fomu hiyo moja. Waambie ahsante, ujaze mwenyewe.