Maswali yenu kuhusu nyumba ya kasisi ya Epworth

Wadau, tangu nigusie Epworth, ule mji mdogo wa Lincolnshire, Uingereza, alikokulia John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, maswali yamekuja mengi kuhusu nyumba ya kasisi pale, yaani nyumba ya baba yake. Najibu machache leo.

Swali: Hio nyumba iliyopo sasa ndo aliyozaliwa Wesley?

Hapana. John alizaliwa 1703 kwenye nyumba ya zamani zaidi, iliyojengwa kwa mbao na plasta, ghorofa tatu, vyumba vikubwa saba, na juu imeezekwa nyasi. Aliyewahi kuona makuti yakishika moto anajua mwisho wa nyumba ya namna hiyo. Sehemu kubwa iliungua 1702, wakaikarabati, afu usiku wa tarehe 9 Februari 1709 ikateketea yote. Ya sasa ni ya matofali, mtindo wa enzi za Malkia Anne, na kazi ya kujenga ilianza mwaka huohuo wa moto.

Swali: Ni kweli John aliokolewa dirishani?

Kweli kabisa. Alikuwa na miaka mitano, yaya katoka na watoto wengine, yeye kabaki amelala. Alipoamka akaona mwanga akadhani kumekucha, kwenda mlangoni anakuta sakafu ya nje inawaka, basi akapanda juu ya sanduku lililokuwa karibu na dirisha watu wa uani wakamwona. Ngazi hakuna na muda wa kuitafuta hakuna, ikabidi mtu mmoja apande mabegani kwa mwenzake amvute nje, na wakati huohuo paa likaporomoka, bahati nzuri likaangukia ndani. Baba yake, kasisi Samuel, alikuwa ameshapiga magoti anamkabidhi mtoto kwa Mungu. Alipowaona wanawe wote wanane wazima akasema nyumba na iende, yeye ni tajiri tosha.

Swali: Kasisi alipata wapi hela ya kujenga nyumba kubwa vile?

Hapa ndo patamu. Kasisi wa Uingereza wa cheo chake hakulipwa mshahara, aliishi kwa zaka za waumini, yaani sehemu ya kumi ya mavuno, pamoja na shamba la kanisa, na jukumu la kuitunza nyumba lilikuwa lake. Epworth ilikuwa inaleta kama pauni 200 kwa mwaka, ujenzi ukala kama 400, jumlisha familia kubwa, jumlisha madeni ya nyuma (1705 alishafungwa pale ngome ya Lincoln kwa deni lisilofika hata pauni 30). Kwa hio kuta zikasimama lakini miaka na miaka baadaye fenicha zilikuwa bado hazijatosha. Watu wanaona matofali mazuri wanadhani humo kulikuwa na utajiri, hapana jamani, ile ni nyumba ya deni.

Swali: Nasikia kuna jini pale?

Familia iliandika barua kuhusu vishindo vya Desemba 1716 na Januari 1717: kugongwa kuta, miguno, mbwa mkubwa kujificha kwa woga. Wasichana wakakiita hicho kitu Jeffrey. Kilichonivutia mimi ni kwamba vishindo vilizidi kasisi alipofika kwenye sala ya kumwombea Mfalme George. Chumba cha juu darini bado kinaitwa kwa jina la Jeffrey. Tuendelee.

Swali: Chumba gani unakipenda?

Jikoni, bila kufikiria mara mbili! Mama Susanna alizaa watoto 19, wengi wakafa wachanga, na waliobaki akawafundisha mwenyewe humo nyumbani, asubuhi masaa matatu na mchana matatu, wasichana kwa wavulana. Baridi ya 1711 kuingia 1712 mume yuko London kwenye mkutano wa kanisa, mama akaanza kuwasomea watoto na watumishi mahubiri humo jikoni Jumapili jioni, jirani akaja, akaja na mwingine, mpaka wakafika kama 200, ndani hapakuingilika. Kasisi msaidizi akapeleka mashtaka London, Samuel akaandika kwamba labda aache, mama akamjibu asimshauri tu, amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu lawama isiwe yake. Samuel hakuamuru kitu. John alikuwa na miaka minane anayaona yote hayo, na mi naamini pale ndo alipojifunza kwamba neno la Mungu halihitaji mimbari. 1742 aliporudi Epworth akanyimwa kanisa, alisimama juu ya kaburi la baba yake akahubiria hapohapo nje. Kila mtu anasimulia moto, Susanna anatajwa kwa sentensi moja, inaniuma sana.

Swali: Sisi Wamethodisti wa Pwani tunahusikaje?

Mnahusika. 1862 mmisionari Mwingereza Thomas Wakefield alifika Mombasa pamoja na Krapf, mmisionari Mjerumani, na misheni ya Ribe, karibu na Mombasa, ikaanza, kutoka kwenye tawi la Umethodisti huohuo.

Swali: Bado anaishi kasisi mle?

Hapana, Kanisa la Anglikana liliiuza 1954, ikanunuliwa na Baraza la Wamethodisti Duniani, ikakarabatiwa na tangu 1957 ni makumbusho. Sheria inailinda kwa daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria kule, kwa hio hata dirisha hubadilishi bila kibali.